Njia Isiyopita Mjini

Siku ambayo Sajini Shabani alipania kuondoka kazini mapema ndiyo siku ambayo Mzee Hezekia alichagua kuibiwa. Lushoto ndivyo ilivyo: vua buti moja tu, utasikia hodi.

Ilikuwa Jumatano ya Agosti, mwaka 1974, saa mbili asubuhi, na ukungu ulikuwa haujabanduka kwenye bati za kituo. Sajini alikuwa na miaka hamsini na miwili, lakini miguu yake ilikwisha kutimiza themanini. Landrova ya kituo haikuwa na petroli tangu Ijumaa. Mfukoni mwa shati alikuwa na barua yake ya kuomba likizo, ya tatu mwaka huo. Mbili za kwanza zilirudi kutoka mkoani zikiwa na neno moja la wino mwekundu: Subiri.

"Nimeibiwa rota," alisema mzee kabla hajafika mezani.

"Shikamoo, mzee. Kaa kwanza."

"Marahaba, Shabani. Hiyo sauti yako ya usingizi naijua hata ukinena ndani ya pipa." Mzee alipapasa mgongo wa kiti kama fundi apimaye ubao, kisha akakaa. "Rota, nasema. Kile kidude kinachozunguka ndani ya disbyuta na kugawa moto kwa plagi. Kidogo, unakificha kinywani. Bila hicho, gari ni banda la kuku."

Hakuna mtu kuanzia Soni hadi Mlola asiyemjua Hezekia. Aliendesha malori ya kiwanda cha mbao kwa miaka thelathini na minane, na inasemekana siku moja alirudi kinyumenyume na shehena ya magogo kona kumi na saba mfululizo ili kumpisha bibi harusi, huku ameshika kikombe cha chai, na chai haikumwagika. Mimi sikuwepo, lakini walioapa ni wengi. Alipostaafu alinunua mzoga wa Bedford, akauvalisha nyumba ya mbao za mkulo: vitanda viwili, jiko la mchina, madirisha yenye pazia, na bomba la moshi juu ya bati. Watu waliliita Safina. Kesho alfajiri Safina ilitakiwa iondoke Irente ikiwa na mzee na mkewe, Mama Klara, kwenda Njombe kwa binti yao Secilia, ambaye hawajamtia machoni kwa miaka sita. Jumapili ya wiki inayofuata mjukuu wao alikuwa anapata kipaimara.

"Kibali cha safari kinaanza kesho," mzee alisema. "Lita mia mbili za petroli nimepewa kwa kibali hicho. Nisipoondoka kesho, wilaya inachukua mafuta yake, na mimi ndiyo basi. Mwaka huu hakuna atakayenipa tena."

Esta, karani wa kituo, aliingia na chai. Mikono ilikuwa imejaa, akainamisha kichwa kwa heshima, akatabasamu, akaweka kikombe mbele ya mzee. Mzee alitazama mbele kama hakuna mtu. Esta akatoka amevimba.

"Nani anajua kung'oa rota?" Sajini aliuliza.

"Dereva yeyote. Ila hapa milimani gari lenye rota kama yangu ni moja tu: lori la kijiji cha Mlola. Na lori hilo lililala wiki mbili kwa sababu rota yake ilipasuka." Mzee aliegemea. "Sitaji mtu. Nasema tu kwamba jana nimelisikia likipanda, linaimba kama kwaya."

"Rota yako ina alama?"

"Mikato mitatu ya tupa. Nilikata mwenyewe."

"Na unapitia njia gani mpaka Njombe?"

Mzee alitoa kwenye koti karatasi iliyokunjwa mara nne, akainyoosha kidogo pembeni mwa mkono wa Sajini. Sajini alisogeza mkono akaipokea. Ilikuwa imeandikwa kwa penseli, mwandiko wa shule ya misheni, mzuri kuliko wa polisi wote wa wilaya:

*Korogwe hatuingii sokoni. Lami ikiacha kuimba, kata kulia, Handeni. Mbele ya Handeni mchanga unanong'ona, shika gia ya pili. Turiani ni harufu ya miwa. Ikikolea, punguza, daraja la mbao litalia mara mbili. Morogoro tunauacha kushoto. Kilosa gari litaruka mara moja, hiyo ni reli. Iringa hatupandi mjini, tunapita chini.*

"Dar es Salaam hupiti, Morogoro hupiti, Iringa hupandi. Umegombana na miji, mzee?"

"Miji iligombana na mimi. Mwaka wa Uhuru nilipeleka mbao Dar es Salaam za jukwaa la sherehe. Nikakuta kipilefti. Sasa huku kwetu, ukifika kona unapiga honi, unangoja wa upande wa pili akujibu, ndipo unapita. Nikapiga honi. Wakajibu mia! Nimwitikie nani, nimpishe nani? Nilizunguka kile kipilefti mara arobaini na moja. Wakanipigia makofi, wakadhani mimi ni sehemu ya sherehe. Petroli ndiyo iliyonitoa. Iliisha." Alisimama. "Barabara ya kijijini inakuambia ilipo. Mjini kelele zote ni sawa."

Mzee alipotoka, Esta alirudi kuchukua kikombe. "Umeona, Afande? Zamani alikuwa akinitania mpaka nakimbia. Tangu ajenge lile dude lake, salamu hajibu. Kiburi tu."

Inspekta Omari, mkuu wa kituo, alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Alichukua ile karatasi, akaisoma huku masharubu yanapanda.

"Mtu mwema haogopi Morogoro, Sajini. Mchanga unanong'ona? Harufu ya miwa? Hii ni lugha ya siri. Ni iliki! Iliki ya Zirai inayopelekwa Mombasa kwa magendo."

"Afande, Mombasa iko kaskazini. Huyu anakwenda kusini."

"Ndio ujanja wenyewe! Nataka jibu leo. Nikikuta punje moja ya iliki, huyo mzee atapata kipaimara mahabusu."

Sajini alivaa buti.

*

Lori la Mlola lilikuwa sokoni, linashusha kabichi. Rajabu, dereva wake, kijana wa miaka thelathini mwenye kofia ya sufu, alikuwa amekaa kwenye bampa anakula kiazi cha kuchemsha.

"Karibu kiazi, Afande. Leo ni mwisho. Mafuta ya kijiji yamekwisha, nalilaza lori mpaka mwezi ujao."

"Fungua boneti."

"Kumbe ni kiazi cha polisi hiki." Rajabu alifuta mikono, akafungua. "Nini kimepotea?"

"Nani kakuambia kuna kilichopotea?"

"Afande umetembea kutoka kituoni mpaka hapa kwa miguu. Wewe! Lazima kuna kilichopotea."

Sajini alimwamuru atoe rota. Rajabu alibandua vibanio viwili, akainua kofia ya disbyuta, akaichomoa. Sajini aliigeuza kwenye mwanga. Hakuna mkato wa tupa hata mmoja. Ubavuni ilikuwa na rangi ya kijani, na ufa uliozibwa kwa gundi iliyoungua.

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye lori lililokufa, shamba la mkonge, huko Mombo. Msimamizi alinipa kwa vikapu viwili vya matunda damu. Malori yao yote yana rangi hiyo, hata vyoo vyao. Nenda kaulize." Kisha akaacha kutafuna. "Ahaa. Ni Mzee Hezekia kanisema."

"Hakukutaja."

"Hawezi kunitaja, siku hizi hanijui! Mgosi wangu, yule mzee ndiye aliyenifundisha gia. Nilikuwa naye kama mwana. Sasa nampungia mkono hapa hapa, hatua kumi, ananipita kama nguzo ya simu. Mara ya kwanza nikasema mawazo. Mara ya tano nikasema haya, mwenye nyumba ya magurudumu hasalimiani na wabeba kabichi."

"Ulimsalimia kwa mdomo?"

"Lori linanguruma, utasalimia kwa mdomo?"

"Na siku lori limezimwa? Ukisema shikamoo?"

Rajabu alikuna kofia. "Ah, hapo anaitika. Anaitika vizuri tu, anauliza mama hajambo, nyonga ya mama inaendeleaje. Ndiyo maana nashindwa kumwelewa."

Sajini alimrudishia rota yake. Alikaa kwenye bampa, akakubali kiazi, akakila chote. Karani anainamisha kichwa, haitikiwi. Dereva anapunga mkono, haitikiwi. Mwenye kutoa sauti anaitikiwa na nyongeza juu. Mji mzima ulikuwa umehesabu salamu za mzee na kumhukumu, na Sajini mwenyewe alikuwa mmoja wa mahakimu.

"Afande, unaumwa?"

"Nimechoka. Irente ni mbali gani kwa miguu?"

"Kwa mtu mzima, saa moja na nusu."

"Na kwa mimi?"

Rajabu alimtazama buti. "Beba chakula."

*

Alifika saa nane mchana, jasho limekauka mgongoni na kuwa chumvi. Safina ilikuwa uani, pua imeelekea barabarani, imeoshwa mpaka inang'aa. Mama Klara alikuwa jikoni, moshi ukitoka mlangoni. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya gurudumu la mbele, anapaka grisi spana moja moja na kuzipanga kwenye gunia.

Sajini alisimama mbele yake, hatua nne, penye mwanga. Hakusema kitu. Aliinua mkono, akaupunga polepole.

Mzee aliendelea na spana zake.

Sajini alivua kofia, akaipunga pia. Hakuna kitu. Alipogeuza uso alimwona Mama Klara amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, anamtazama. Mkono wake wa pili ulikuwa umeshika pindo la khanga kiunoni, umelikamata kama mtu aliyeshika ndege.

"Shikamoo, mzee," Sajini alisema.

"Marahaba! Umefika, Shabani? Unatembea kimyakimya kama mwizi wangu. Rajabu kasemaje?"

"Rota ya Rajabu si yako. Nionyeshe injini."

Mzee alifungua boneti, na Sajini akainama. Disbyuta ilikuwa na kofia yake, vibanio vyote viwili vimebanwa. Juu yake palikuwa na mfuko wa nailoni, umefungwa kwa uzi.

"Mfuko huu uliufunga wewe?"

"Mfuko gani?"

Sajini aligusa fundo la uzi. Mwizi wa soko hung'oa na kukimbia. Huyu alitoa rota, akarudisha kofia, akabana vibanio, kisha akafunika kwa nailoni ili ukungu usiingie. Mwizi gani huyo mwenye huruma na injini? Pia boneti lile, alipolishusha, lilipiga kelele ya kuamsha kijiji. Na mzee aliyelisikia lori la Mlola likipanda upande wa pili wa bonde hakulisikia boneti la kwake. Basi lilifunguliwa na mikono ya nyumbani, ambayo kelele zake hazimshtui: alidhani inatafuta chumvi au sufuria ndani ya gari.

"Mzee," alisema, "Inspekta ana wasiwasi na ile ratiba yako. Hebu nisomee, nielewe." Akatoa karatasi mfukoni mwa shati, akaweka mkononi mwa mzee.

Mzee aliikunjua, akaiinua mbele ya uso, mbali kidogo kama wazee wafanyavyo. "Korogwe hatuingii sokoni," alianza, kwa sauti ya mtu aliyesoma lesoni kanisani. "Lami ikiacha kuimba, kata kulia, Handeni. Mbele ya Handeni mchanga unanong'ona..."

Alisoma mpaka Kilosa bila kukosea neno. Mlangoni mwa jiko Mama Klara aliziba mdomo kwa mwiko. Karatasi iliyokuwa mkononi mwa mzee ilikuwa barua ya Sajini Shabani kumwomba kamanda wa mkoa siku kumi na nne za likizo.

"Inatosha, mzee. Asante." Sajini aliichukua taratibu, akairudisha mfukoni. "Nina maswali mawili kwa mama. Ya kawaida tu."

*

Jikoni alipewa kigoda na chai ya mchaichai. Alinong'ona.

"Shikamoo, mama. Nipe hiyo rota."

Mama Klara hakubisha. Alifungua fundo kwenye pindo la khanga, akaitoa. Kidude cheusi, mikato mitatu.

"Tangu lini?" Sajini aliuliza.

"Jicho la kushoto lilizimika Pasaka ya mwaka juzi. La kulia linaona mwanga tu, kama wa dirisha hilo hapo lenye moshi. Huku milimani aliendelea kuendesha. Kona anazijua kwa majina kama ng'ombe wake. Mwaka huu ameliwasha mara tatu, kwenda sokoni na kurudi, mimi nimekaa kushoto namwambia mbuzi, namwambia mtoto, namwambia baiskeli."

"Na ratiba?"

"Amekusanya mwaka mzima. Kila dereva anayetoka kusini anamwita, anamuuliza barabara inalia vipi. Mimi naandika. Nilidhani ni mchezo wa uzee, Afande. Nikaandika. Mpaka siku kile kibali kilipokuja na muhuri." Alisukuma kuni kwa mguu. "Kumbe nilikuwa naandika kifo chetu kwa mwandiko mzuri."

"Kwa nini hukumwambia mchungaji? Au mimi?"

"Nikuambie wewe, uandike kwenye kitabu, Esta asome, na Jumapili soko zima limshike mkono kumvusha barabara? Yule mtu amevusha magogo ya watu hawa miaka thelathini na minane. Nilisikia wanavyosema, kiburi, kiburi. Nikasema bora. Kiburi ni ugonjwa wa wakubwa." Alimtazama usoni. "Nitafungwa?"

"Mke kuchukua rota ya mumewe? Sijui kifungu chake. Na nimechoka, mama, sitakitafuta."

"Basi nirudishie. Nitaitupa bondeni, utaandika haikuonekana. Mwanangu atalia, lakini atalia kwa kutuona hatukuja, si kwa kutuzika."

Sajini aliigeuza rota kiganjani. Aliyeleta shauri kituoni ni mzee. Kitu kimeonekana. Sheria ilikuwa nyepesi: mali irudi kwa mwenyewe. Kumbe sheria nyepesi ndizo zinazochosha miguu.

"Shabani."

Sauti ilitoka nyuma ya ukuta wa udongo, hatua mbili kutoka dirishani. Mama Klara alidondosha mwiko.

"Masikio yangu hayajastaafu," mzee alisema. "Leta hiyo rota."

Sajini alitoka nayo. Mzee alikuwa amesimama na mkono wazi, uso umeelekea pembeni kidogo ya mahali Sajini alipokuwa. Mama Klara alikuja nyuma, amejifunika khanga kichwani.

"Baba Secilia..."

"Ngoja."

Sajini aliiweka rota kiganjani. Ingekuwa hadithi tu kama nisingeambiwa na Sajini mwenyewe: mzee alifungua vibanio, akachomeka, akarudisha kofia na kubana, kabla polisi hajameza mate. Akapanda kiti cha kulia, akawasha. Bedford ilipiga chafya moja, ikaitika. Sufuria ndani ya Safina zikaanza kugongana. Mama Klara alienda akasimama mbele ya gari, katikati kabisa, mikono kando, injini ikimpulizia khanga.

Sajini alipiga hatua kuelekea mlangoni. "Mzee, mama yuko mbele yako."

"Najua yuko mbele. Miaka arobaini na mitatu yuko mbele." Mikono ya mzee ilikuwa juu ya usukani. Injini ilinguruma kwa muda ambao mtu angesali Baba Yetu yote bila haraka. "Ila simwoni, Shabani."

Akazima.

Alishuka, akaizunguka Safina kwa nyuma, kiganja kikipita kwenye mbao zake ubao kwa ubao, mpaka upande wa kushoto. Akatafuta mpini, akapanda, akakaa kwenye kiti cha abiria, akaweka mikono magotini kama mtu aliyefika ugenini.

"Andika," alisema. "Rota imeonekana, ilikuwa imeangukia kwenye boksi la spana. Andika mlalamikaji ni mzee, msahaulifu. Hilo naweza kulibeba."

"Naandika."

"Leseni yangu iko kwenye Biblia, chukua. Na yule Rajabu mafuta yamemwishia, sivyo? Nimesikia wanasema sokoni leo. Mwambie kama ananiona nina kiburi, aje anitukane njia nzima mpaka Njombe, usukani ni wake. Kijiji kikikataa kumtoa, kaongee nao wewe, una sare."

"Mlola ni mbali, mzee."

"Kesho alfajiri ni mbali zaidi?"

Sajini aliitazama barabara, kisha akazitazama buti zake. Akainama, akakaza kamba.

Mama Klara alikuwa amepanda upande wa usukani, kiti ambacho hakuwahi kukikalia, miguu haifiki chini. Walikaa hivyo wawili, kioo kimeelekea ukingo wa mlima, kule nchi inapokatika na tambarare ya Mombo kuanza chini kabisa.

"Mama Secilia," mzee alisema. "Niambie unaona nini huko mbele."

Mama Klara alifuta kioo kwa khanga, akatazama kwa muda mrefu.

"Ukungu tu."

"Tambarare huioni?"

"Siioni."

"Basi tuko sawa," mzee alisema, akasogea karibu na dirisha ili ampatie nafasi kando yake.